Chema Chajiuza: Kwa Nini Vitu Vipya Vyenye Sifa Kubwa Huanguka Sokoni



Methali hii umeisikia tangu utotoni: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Somo letu la mwezi huu latokana nayo.

Kila baada ya miaka michache huingia katika vijiji vyetu vya makazi kitu kipya chenye sifa kubwa. Mara ni mti wa utajiri, mara ni mtambo wa kuvuta maji, mara ni programu ya simu ambayo husemekana itakutafutia wanunuzi wa mahindi yako nawe umelala. Kitu hicho husifiwa redioni na katika mabaraza, na watu hukimbilia kukinunua. Ikipita miaka mitatu hakuna anayekitaja. Kilichobaki ni deni, na chuma kilichoshika kutu nyuma ya banda la mbuzi.

Hatuandiki haya ili ukatae kila kitu kipya. Mkulima anayekataa kila kipya huachwa nyuma na wenzake. Tunaandika ili ujue kupima. Shamba ulilopewa ni moja, na hati yake ndiyo dhamana utakayoombwa siku utakapotaka mkopo. Mwenye kuuza kitu akikosea, atahamia kwenye biashara nyingine. Wewe ukikosea, huna shamba jingine la kuhamia.

MVUVI WA SHELLA NA INJINI

Utakaposhuka Malindi kuuza mazao yako, pita Shella, ule mtaa wa kale ulio kando ya bahari. Tazama vyombo vilivyo pwani, kisha tafakari mfano huu.

Tuseme mchuuzi amefika pale na injini mpya ya mashua. Amwambia mvuvi mmoja mzee, "Mzee wangu, injini hii ina nguvu za farasi 40. Utafika kwenye samaki kabla wenzako hawajatweka tanga."

Mzee amjibu, "Ahsante, mwanangu. Nguvu zake nimezisikia. Sasa nieleze. Ikinizimikia nje ya mwamba, fundi wake yuko hapa Malindi, au mpaka Mombasa? Spea zake zauzwa duka gani? Siku nikirudi na ndoo moja ya tafi, petroli nitailipa kwa nini? Na ikiwa sote hapa tutakuwa na injini kama hii, samaki wakajaa pwani siku moja, bei itakuwaje?"

Angalia tofauti ya watu hawa wawili. Mchuuzi azungumzia nguvu ya kitu. Mvuvi azungumzia siku yake ya kazi: matengenezo, gharama, siku mbaya, na soko. Yawezekana kabisa injini ile ni nzuri, na mchuuzi si mwongo. Lakini sifa za kitu ni jambo moja, na kufaa kwake katika kazi ya mtu ni jambo jingine. Vitu vingi vyenye sifa kubwa huanguka hapo katikati.

KISA CHA MTI WA JATROFA

Sasa tutazame jambo lililotokea kweli, na lililofika mpaka mlangoni petu. Huo ni mti wa jatrofa, ambao wengine huuita mbono-kaburi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na kwa muda mrefu watu wa Afrika ya Mashariki wameupanda kuwa ua wa boma na wa makaburi, kwa sababu mbuzi hawauli. Mbegu zake zina mafuta, lakini zina sumu.

Katika miaka ya 2000 bei ya mafuta ya petroli ilipanda mwaka hata mwaka, mpaka mwezi wa Julai 2008 pipa moja likafika dola 147 hivi. Serikali na makampuni yakatafuta mafuta ya kuendeshea magari yanayotoka shambani. Ndipo jatrofa ikaanza kusifiwa dunia nzima. Ilisemekana kwamba huota katika ardhi kavu isiyofaa kwa chakula, haihitaji maji mengi wala mbolea, haina wadudu, na kila ekari itatoa mbegu kwa wingi. Mwezi wa Juni 2007 kampuni kubwa ya mafuta ya BP iliungana na kampuni ya D1 Oils ya Uingereza kuipanda. Tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya shirika la Air New Zealand ilifanya safari ya majaribio, injini yake moja ikitumia mafuta yaliyochanganywa na ya jatrofa. Mti uliokwisha kurusha ndege, nani angeutilia shaka?

Sifa hizo zilifika Kenya. Wakulima katika sehemu nyingi walinunua mbegu na miche, wengine wakapunguza mahindi ili kuupa mti nafasi. Huku kwetu jambo lilikuwa kubwa zaidi. Kampuni ya Kenya Jatropha Energy, iliyokuwa na wenyewe Waitaliani, ilitaka karibu hekta 50,000 katika msitu wa Dakatcha, upande wa Marafa, kupanda jatrofa. Msitu huo ndio kuni, asali, dawa na malisho ya wenyeji, na ni maskani ya ndege wasioonekana mahali pengi duniani. Wenyeji wengi waligawanyika. Wako walioahidiwa kazi wakaifurahia, na wako waliouliza watalima na kuzikana wapi. Mwisho Mamlaka ya Mazingira ya Taifa (NEMA) haikukubali msitu ule ukatwe kwa ajili hiyo.

Wakati huo huo wataalamu walikwenda mashambani kupima. Ripoti yao ilitoka mwishoni mwa mwaka wa 2009. Katika kazi hiyo ilikuwamo Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto na Misitu (ICRAF), kwa msaada wa shirika la Kijerumani la GTZ. Hawakuuliza wauzaji. Waliwauliza wakulima wenyewe, zaidi ya 200, kile walichovuna. Jibu lilikuwa kwamba mavuno ni haba sana na hayarudishi gharama, na kwamba mkulima mdogo asiupande mti huu kuwa zao la shambani, bali aupande kuwa ua tu. Yaani baada ya sifa zote zile, jatrofa ilirudi palepale walipoiweka wazee wetu.

Na nje ya Kenya mambo hayakuwa mbali na hayo. BP ilijitoa mwezi wa Julai 2009. Kule Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ilikuwa imepewa kiasi cha hekta 8,000 za ardhi ya vijiji. Mwaka wa 2011 kazi ilisimama na wafanyakazi wengi wakaachishwa.

SABABU ZA KUANGUKA

Yafaa tuzitazame sababu moja moja, kwa maana zinafanana na zile zinazoangusha vitu vingine vingi.

Sababu ya kwanza: kuishi si kuzaa. Ni kweli kwamba jatrofa huishi katika ardhi kavu. Lakini mti unaoishi bila maji huenda usizae bila maji. Aliyesema "huota mahali pakavu" hakudanganya, ila msikilizaji alisikia "huzaa mahali pakavu". Tena mti wenyewe ulikuwa bado wa porini. Mahindi yamechaguliwa mbegu na wakulima kwa maelfu ya miaka. Jatrofa haikuwahi kuchaguliwa hivyo, na mche mmoja huweza kuzaa vizuri, na jirani yake usizae kitu.

Sababu ya pili: kazi haikuhesabiwa. Matunda ya jatrofa hayaivi pamoja. Huna budi kurudi kwenye mti ule ule mara nyingi, uchume kwa mkono, ukaushe na kubangua. Muuzaji alihesabu mbegu tu, na saa za mkulima hakuzihesabu.

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano, weka zako. Kwa kinu cha mkono zahitajika kiasi cha kilo 4 za mbegu kupata lita 1 ya mafuta. Tuseme lita ya dizeli ni shilingi 80. Hakuna atakayenunua mafuta yako kwa bei iliyozidi dizeli, basi kilo zako 4 haziwezi kuzidi shilingi 80. Sasa toa gharama ya gunia, gari, kukamua, kuchuja, na faida ya mwenye kinu. Tuseme yote hayo yachukua nusu. Zabaki shilingi 40 kwa kilo 4, yaani shilingi 10 kwa kilo. Ikiwa mtu mmoja aweza kuchuma na kubangua kilo 2 kwa saa, basi kwa saa 8 ana kilo 16, nazo ni shilingi 160. Linganisha fedha hizo na kibarua cha kupalilia siku hiyo hiyo. Hesabu kama hii yaweza kufanywa chini ya mwembe kwa kijiti mchangani, kabla ya mche wa kwanza kupandwa.

Sababu ya tatu: soko lilikuwa la matumaini. Wakati ule mbegu za jatrofa zilipata bei nzuri, na watu walisema, "Soko lipo, mbona jirani ameuza?" Lakini jirani aliuza kwa nani? Alimwuzia mtu mwingine aliyetaka kupanda. Wanunuzi wengi walikuwa wapandaji, wakamuaji walikuwa wachache. Soko la namna hiyo hudumu mpaka kila anayetaka mbegu amepata. Kisha wote huvuna pamoja, na hakuna mnunuzi. Utakumbuka kwamba ufugaji wa kware ulikwenda vivyo hivyo katika Kenya: mwaka wa 2013 kila mtu alitaka kware, na mwaka wa 2014 bei ya mayai yake ikaanguka.

Sababu ya nne: mashindano yalisahauliwa. Mshindani wa jatrofa alikuwa pipa la mafuta ya petroli. Mti huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, lakini bei ya pipa hubadilika kwa mwezi mmoja. Kufikia Desemba 2008 pipa lile la dola 147 lilikuwa chini ya dola 40. Wapandaji wa Julai walijikuta na miche michanga na ahadi iliyokwisha kuzeeka. Na mashudu yake, kwa kuwa yana sumu, hayakufaa kuwa chakula cha ng'ombe kama yale ya nazi au pamba. Zao likikosa mnunuzi, hata nyumbani halikuliwa.

Sababu ya tano: waliosifu walilipwa mapema. Muuza miche hulipwa siku ya kuuza. Mwenye kampuni hupata fedha za wenye hisa siku ya kutangaza. Mkulima peke yake ndiye alipwaye siku ya mavuno. Mtu aliyekwisha kulipwa hana haraka ya kujua kama mti utazaa.

HATA KWA WENYE ELIMU KUBWA

Usidhani mambo haya huwapata wakulima tu. Mwezi wa Desemba 2001 kule Marekani ilitangazwa mashine ya Segway, gari dogo la magurudumu mawili ambalo mtu husimama juu yake na halianguki. Kabla haijaonyeshwa, ilinong'onwa kwamba itabadilisha miji yote ya dunia. Mashine ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Lakini bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, ilikuwa nzito kupandisha ngazi, na katika miji mingi haikujulikana kama mahali pake ni njia ya magari au ya waendao kwa miguu. Na mtu wa kawaida alikuwa na miguu, baiskeli na basi. Ilinunuliwa na askari wa doria na wenye kutembeza watalii, na mwaka wa 2020 ikaacha kutengenezwa. Haikuanguka kwa kuwa mbovu. Ilianguka kwa kuwa ilijibu swali ambalo watu wachache walikuwa wakiliuliza.

VITU VILIVYOSIMAMA

Ili tupime kwa haki, tutazame na vitu vilivyofaulu.

Mwaka wa 1964 mbegu ya mahindi ya H611 ilitolewa kutoka Kitale. Katika muda wa miaka michache wakulima wadogo wa nyanda za juu waliipokea kwa wingi. Kwa nini? Iliuzwa katika maduka ya karibu, kwa mfuko mdogo. Mtu aliweza kuijaribu katika kipande cha shamba, na jirani akaona kwa macho yake kabla ya kununua. Kazi ya kulima ilikuwa ile ile aliyoijua. Na mnunuzi akikosekana, mahindi huliwa.

Lakini mbegu hiyo hiyo haikufaa kwa joto la Pwani. Basi watafiti wa Mtwapa wakatengeneza mbegu ya kwetu, Coast Composite, iliyotolewa mwaka wa 1974. Hapo pana somo: kufaulu Kitale si hati ya kufaulu Malindi.

Chukua pia M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka wa 2005, nia yake ilikuwa watu walipe mikopo kwa simu. Wenye kuijaribu wakaonekana wakiitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wakiitengeneza hawakuwakemea, bali waliifuata njia ya wateja, na ilipoanzishwa rasmi mwezi wa Machi 2007 ilikuwa ni ya kutuma fedha. Mtu wa Nairobi mwenye mama Ganze alikuwa na shida hiyo kila mwisho wa mwezi. Huduma hiyo hiyo ilipelekwa Afrika ya Kusini mwaka wa 2010, na mwaka wa 2016 ikafungwa. Kule watu wengi zaidi walikuwa na benki, na shida ile haikuwa kubwa kama kwetu. Kitu ni kile kile, mahali ni pengine.

Waona basi kwamba chema hujiuza, lakini kwanza lazima kiwe chema kwa kazi yako, mahali pako, na kwa mfuko wako.

MASWALI SABA KABLA YA KULIPA

Mtu akija kijijini kwako na kitu kipya, mkaribishe, mpe kiti na maji, kisha muulize maswali haya. Mwandike majibu yake mbele ya watu.

1. Kitu hiki kitaniondolea shida gani niliyo nayo sasa? Ikiwa shida yenyewe umeisikia kwake leo kwa mara ya kwanza, ngoja.

2. Ni nani amekitumia kwa misimu miwili, katika joto na udongo kama wangu? Taka kumwona, si picha yake. Nyumba ya plastiki ya kuoteshea nyanya iliyofaulu penye baridi yaweza kuwa tanuri huku kwetu, na udongo ukiwa na mnyauko wa bakteria, plastiki haitauzuia.

3. Kikiharibika, fundi yuko wapi, spea ni bei gani, na nitakaa siku ngapi bila kitu? Mtambo wa maji unaolala wiki mbili wakati wa kiangazi umekwisha kuua mboga zako.

4. Kitahitaji saa ngapi za kazi yangu na ya jamaa yangu, na katika mwezi gani? Kama ni mwezi wa kupalilia mahindi, hesabu hasara ya mahindi pia.

5. Mnunuzi wa mwisho ni nani? Usikubali jibu la "soko lipo". Taka jina lake, mahali alipo, na bei aliyolipa msimu uliopita. Ikiwa mnunuzi ndiye huyo huyo anayekuuzia mbegu, taka mkataba wa maandishi, na uuonyeshe kwa mtu ajuaye sheria.

6. Sote tukiwa nacho, bei itakuwaje? Hili ni swali la mvuvi wetu, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

7. Kikianguka, nitabaki na nini? Ua wa jatrofa hubaki ua. Mkopo uliowekewa hati ya shamba hubaki mkopo.

JARIBU KWA KIASI

Majibu yakikuridhisha, usikae ukitazama tu. Jaribu. Tenga kipande cha hatua 10 kwa 10, mbali kidogo na chakula cha nyumbani. Tumia fedha ambazo zikipotea watoto wataendelea kwenda shule. Andika katika daftari kila shilingi na kila saa. Mwisho wa msimu mwite jirani na Bwana Shamba au Bibi Shamba muisome hesabu pamoja. Kikundi cha watu kumi chaweza kununua mtambo mmoja na kuujaribu kwa zamu, badala ya watu kumi kununua mitambo kumi kwa pupa. Kama kitu ni chema, mwakani kitakuwapo bado, na pengine kwa bei iliyopungua. Anayekuambia "leo ndiyo siku ya mwisho" akuuzia mbuzi katika gunia.

Tena usione haya kuuliza. Katika mabaraza yetu mara nyingi vijana hunyamaza kwa heshima ya mgeni, na akina mama hunyamaza kwa kuwa hawakuulizwa, hali wao ndio watakaochuma, kubeba maji na kubangua. Mwenye kufanya kazi ndiye ajuaye saa zake. Basi katika baraza la namna hii, mama aulizwe kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KIJIJINI

1. Tajeni kitu kimoja kilichosifiwa sana kijijini kwenu na ambacho sasa hakitumiki. Kati ya sababu tano za somo hili, ni ipi iliyokiangusha?

2. Tajeni kitu kimoja kilichoingia bila kelele na ambacho leo hamwezi kukiacha. Nani alikileta, na mlikijaribu vipi?

3. Fanyeni hesabu ya zao moja mnalotaka kulianza, kama tulivyofanya kwa jatrofa. Anzeni na bei ya mnunuzi wa mwisho, mrudi nyuma mpaka kwenye saa moja ya kazi ya mkulima.

Ihifadhi karatasi hii mahali pakavu, pamoja na hati yako ya shamba. Siku atakapokuja mgeni mwenye sifa nyingi, zitoe zote mbili. Maswali msomee kwa sauti. Hati irudishe sandukuni.